Kaa Karibu na Dirisha, Mama

3 Machi

Kaka,

Salamu nyingi, na za haraka, maana naandika nimesimama. Hilo doa la kijani pembeni ni rangi, usidhani karatasi imeota ukungu.

Kazi yangu unaijua. Mchana kutwa nachora marehemu. Watu wanatuletea picha ya kitambulisho, tunaichorea miraba ya penseli, tunaikuza, tunamvalisha marehemu shati lililonyooshwa hata kama maisha yake yote alivaa fulana. Chini tunaacha utepe mweupe wa kuandika miaka miwili, aliozaliwa na aliofariki. Bosi husema wafu hawana haraka, wafiwa ndio wana haraka, kwa hiyo tunakimbizana hivyo kila siku ya Mungu.

Sasa kuna jambo. Yule Mwalimu wa darasa la jioni nililokuambia ananipa nafasi kwenye maonyesho ya wanafunzi wake mwisho wa Aprili. Nafasi ya picha moja, kwenye ukuta ulio kati ya madirisha mawili. Anatafuta msaidizi wa kufundisha naye, na amesema wazi kwamba atamchagua kwa kuangalia picha za siku hiyo. Kaka, nikiipata kazi hiyo naachana na marehemu. Nimewachoka. Naota kola zao.

Sharti lake ni moja tu: nichore kitu changu. Unaweza kudhani ni rahisi. Nimechora daraja. Nimechora viatu vya mlinzi wa jengo letu. Nimechora kapu la vitunguu, nikafuta, nikachora vitunguu vilevile bila kapu. Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza, "Vitunguu vizuri. Ni vya nani?" Nikamwambia ni vya sokoni. Akasema, "Basi virudishe sokoni."

Tangu siku hiyo nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Natembea mtaani nikiangalia milango ya watu kama mwizi. Hivi sisi tulikuwa na nini pale nyumbani? Kile kiti cha Mama ulichokivalisha wewe bado kipo? Niandikie kilivyo, chote, hata misumari yake.

Mdogo wako,
Kidole


9 Machi

Mdogo wangu Kidole,

Barua yako imefika na doa lake. Mama ameinusa, akasema huyu mtoto mpaka leo anajifutia kidole kwenye kila anachoshika. Kwa hiyo usilaumu watu kwa hilo jina, umelitafuta mwenyewe.

Mimi nimezungukwa na sponji. Kuna mtu ameniletea makochi ya watu saba na anayataka kabla ya harusi ya bintiye, na fundi ndiye mimi peke yangu. Ukikosa kabisa cha kuchora, nichore mimi na misumari mdomoni. Wifi yako naye anasema umchore yeye, ana kidevu kizuri. Nimemwambia asubiri foleni.

Kiti cha Mama kipo palepale, kando ya dirisha la kushoto. Kitambaa ni kile cha michirizi ya kahawia kilichobaki kwenye kazi ya hoteli. Sponji nimeweka nene mbele na nyembamba nyuma, maana Mama haegemei, anakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Mkono wa kulia umeng'aa kwa sababu ndio anaoushika akitaka kuinuka. Misumari ni ya vichwa vya shaba na mmoja umepotea. Usiuchore ule uliopotea, utaniharibia jina.

Meza ya pasi nayo ipo, ingawa nguo za watu aliacha kuzipiga tangu mwaka juzi. Bado anaifuta kila asubuhi.

Mama hajambo. Siku hizi vitu vya nyumba hii vinamfuata tu. Jana amegombana na ndoo aliyoiweka mlangoni mwenyewe, akaitukana mpaka ikaisha nguvu. Ni utu uzima, usijali.

Tuliza roho. Sahani ya wali haiwi tamu kwa kuizunguka.

Kaka yako,
Fundi


14 Machi

Kaka,

Kiti kimekataa. Nimekichora mara ya kwanza kikafanana na tangazo la duka lako. Nimekichora tena kikawa kizuri kweli, michirizi imekaa, mkono wa kulia unang'aa, na nilipomaliza nikapatwa na baridi. Kiti kitupu kando ya dirisha, Kaka. Kila aliyepita kwenye karakana alinipa pole. Bosi aliuliza utepe mweupe uko wapi.

Nikakigeuza ukutani. Halafu nikacheka peke yangu nikajiona mjinga, maana nimechora kiti na mwenye kiti yupo. Kitu changu ni Mama. Nimezunguka mji mzima na jibu limekaa nyumbani.

Sasa nisaidie, na usichelewe. Mwite mpiga picha wa pale mjini. Mama akae karibu na dirisha, uso ugeuke upande kidogo, mwanga umwangukie shavu moja. Avae nguo anayoipenda kuliko zote. Msimwambie ni ya nini, nataka iwe zawadi, nimletee hapo mlangoni ikiwa imeshakauka ndipo ajue. Halafu mchunguze kijanja kama bado anavaa ile pete ya ndoa, na kidole gani.

Nimeshaanza kuipiga miraba karatasi. Mikono inaniwasha. Ipe picha kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea mwenyewe stendi.

Mdogo wako,
Kidole


21 Machi

Mdogo wangu,

Umenituma kazi ya kijasusi na unajua mimi na uongo hatujawahi kuelewana.

Mpiga picha alikuja Jumamosi. Mama alikuwa anachambua mboga. Akaniuliza hii picha anaitaka nani. Nikasema ni ya kuweka tu. Akaniuliza kuweka wapi. Nikasema pale. Akanawa mikono akaenda ndani, akarudi amevaa gauni la bluu alilovaa kwenye harusi yangu. Nikamwambia akae karibu na dirisha, akakaa. Nikamwambia ageuze uso upande kidogo, akageuza. Yote alifanya bila neno. Mama, bila neno. Mpiga picha alisema hajawahi kupata mzazi mtulivu namna ile, nikatamani kumwambia hata sisi hatujawahi.

Picha bado haijasafishwa, mpiga picha anasubiri filamu iishe kwa sababu hataki hasara. Kwa hiyo uvumilie. Pete ipo, kidole kilekile.

Habari nyingine ni kwamba Mama ameanza kupanga nyumba. Amefungua makabati, amekung'uta masanduku. Sufuria kubwa, lile la shughuli, amempa shangazi, na shangazi hakuuliza mara mbili, unamjua. Sinia mbili nazo zimekwenda hukohuko. Wifi yako anasema labda ametaka nafasi. Mimi sina la kusema, nyumba imekuwa safi mpaka natafuta pa kuweka viatu.

Ila amekuwa kimya. Hata ndoo haitukani.

Kaka yako,
Fundi


26 Machi

Kaka,

Picha iko wapi? Nimekwenda stendi asubuhi zote za wiki hii. Kondakta sasa akiniona ananionyesha mikono mitupu kwa mbali ili nisijisumbue kuvuka barabara.

Mwambie huyo mpiga picha filamu iliyobaki ampige kuku, ampige mbuzi, ampige wifi na kidevu chake, mradi iishe. Mwalimu amepita jana akaikuta karatasi yangu ina miraba tupu. Akasema miraba nayo si yangu. Nilitaka kumrushia brashi.

Gauni la bluu ni zuri, litakaa vizuri na rangi ya ukuta. Muulize Mama, kimzaha tu, kama angependa nyuma yake kuwe na pazia au kuwe na maua. Wateja wetu wengi hupenda maua.

Na vizuri amepunguza vyombo. Lile sufuria lilikuwa linakula nusu ya jiko.

Mdogo wako,
Kidole


2 Aprili

Kidole,

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nitaanza na wewe kwa sababu uko mbali.

Picha ninayo. Imetoka vizuri, na situmi mpaka nimalize kusema.

Mama ana mtoto wa jicho. Macho yote mawili, la kulia limeshafunga. Tunakwenda hospitali tangu Januari. Meza hazimfuati wala ndoo haina kosa, haoni. Alinikataza nisikwambie. Alisema utaacha kazi uje kumshika mkono, na mkono wake hauumwi. Nikanyamaza kwa sababu nilijua atapasuliwa ataona, tutakuambia yakiwa yameisha.

Daktari wa macho huja hospitali yetu kwa nadra, na Mama amepangiwa tarehe kumi na nane ya mwezi huu. Akiikosa hatujui daktari atarudi lini, na amesema wazi kwamba la kulia halipaswi kuachwa zaidi. Mama alikuwa amekubali. Alikuwa ananitania kwamba akipona ataanza kuona vumbi la sponji na mimi nitahama.

Sasa hataki. Tangu wiki ile ya mpiga picha amegoma. Namwuliza unaogopa kisu, anasema hapana. Namwuliza nini basi, anasema, "Macho ya kwenda kuangalia nini?" Wifi yako amelia mbele yake, hakuna kitu. Nilipomwuliza habari za maua na pazia, alinijibu wachague wao, akaingia chumbani akafunga mlango.

Na kiti hakipo. Nilikuficha na hilo. Amempa jirani, yule fundi saa. Nimepita pale jioni nikamkuta mzee wa watu ameegemea, na kile kiti sikukitengeneza cha kuegemea. Nilirudi nyumbani nikapiga misumari kwenye kochi la mtu mpaka nikaupinda mmoja baada ya mwingine.

Mwandikie. Wewe anakusikiliza. Mwambie chochote, ila aende hospitali.

Kaka yako,
Fundi


4 Aprili

Mwanangu,

Naandika mwenyewe. Mistari ikipanda na kushuka isome hivyohivyo. Mkwe wangu alitaka kunishikia kalamu nikamwambia mambo mengine hayaandikiwi.

Baba yako alipolala ile mara ya mwisho uliandika barua. Wakati ule nilikuwa naona, niliisoma mimi. Ulisema akae karibu na dirisha, uso ugeuke upande kidogo, avae shati analolipenda. Ulisema asiambiwe ni ya nini. Tukamkalisha. Siku aliyotutoka picha yako kubwa ilikuwa imeshafika, imekauka, imebaki kuandikwa mwaka mmoja tu. Sikukulaumu, wala leo sikulaumu. Ndiyo kazi yako, na picha watu waliisifu.

Sasa kaka yako ananiambia nikae karibu na dirisha. Nigeuze uso. Nivae ninayoipenda. Ya nini, hasemi.

Nilimkataza asikwambie habari za macho yangu. Nikajua amekwambia. Na nikajua daktari amewaambia ninyi jambo ambalo mimi sikuambiwa, kwa sababu mtu haagiziwi picha ile kwa sababu ya mtoto wa jicho. Juzi akaniuliza nataka maua au pazia. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi macho sina, na bado nimeona.

Nimegawa vyombo nikiwa na mikono yangu, watu wasije wakagombania. Kiti nimempa jirani. Nilimwona kaka yako alivyokitazama kile cha baba yenu kikiwa kitupu, sitaki aone kingine.

Nilitaka kuandika kwamba siogopi. Naogopa, mwanangu. Hospitali siendi kwa sababu hiyohiyo, sitaki kutumia siku zilizobaki nikiwa na bandeji usoni.

Naomba kitu kimoja. Lolote lililosemwa, niambieni mimi kwanza kabla ya kumwambia mchoraji.

Na gauni la bluu linanibana kwapani. Kama ni lazima, nichore na la nyumbani.

Mama yako


9 Aprili

Mama,

Hapana. Hapana kabisa. Hakuna lililosemwa. Daktari hajasema neno ambalo hukulisikia mwenyewe, na mimi habari za macho yako nimezipata kwa Kaka juzi tu, siku mbili kabla ya barua yako. Huumwi ugonjwa mwingine wowote. Ungekuwa mgonjwa nisingeagiza picha, ningekuja mwenyewe kwa miguu.

Ngoja nikueleze nilichotaka. Nimepewa ukuta mmoja mahali ambapo watu watakuja kutazama, nikaambiwa nichore kitu changu, cha kwangu mwenyewe. Nikatafuta mwezi mzima. Nikakuona wewe. Nilitaka kukuletea ikiwa zawadi, ndiyo maana ikawa siri. Hiyo tu ndiyo siri, Mama, hakuna nyingine ndani yake.

Yale maneno ya dirisha na shavu ndiyo maneno ninayowaambia wafiwa kila siku. Yamezoea mdomo. Niliyaandika kwa haraka, na sikusikia nilichokiandika. Nilikuomba uso kwa namna pekee ninayojua kuomba uso. Barua yako nimeisoma nikiwa stendi na nikakaa chini palepale kwenye mizigo ya watu, kondakta akadhani nimefiwa. Nisamehe, Mama. Nisamehe na ile ya Baba pia. Sikujua kwamba uliisoma wewe.

Karatasi ya miraba nimeichana. Kaka asitume picha, na wewe usimsumbue, mwambie aifiche.

Halafu nikajaribu kukuchora bila picha. Nikafumba macho nikautafuta uso wako, na nikuambie ukweli, haukuja. Nilishtuka sana. Nilijiambia mtoto gani huyu. Nikakaa nimefumba hivyohivyo, na kilichokuja ni mgongo wako.

Umesimama kwenye meza ya pasi, dirisha la kushoto. Fundo la aproni limekaa upande kama kawaida, kwa sababu hulifungi, unalibana tu. Kisigino cha kulia kimetoka kwenye kandambili. Pembeni kuna rundo la mashati ya watu, refu kuliko mimi. Tunarudi kutoka shule, Kaka anataka kula, mimi nataka kusema fulani kanipiga, na wewe unatujibu wote bila kugeuka. Unajua nani amegusa sukari, bila kugeuka. Unajua nani analia kwa uongo. Bega la kulia linakwenda na kurudi, na mvuke unapanda mbele yako tunauona juu ya kichwa.

Nimechora hiyo, Mama. Nimeichora bila miraba, na mkono haukusimama. Marehemu wote niliowahi kuwachora wanatazama mbele. Hakuna hata mmoja aliyenipa mgongo, maana hana tena kazi ya kumgeuza. Wewe una kazi mbele yako. Na chini hakuna utepe mweupe wala hautakuwepo.

Nenda kwa daktari wa macho. Nakuomba kwa ajili yako, na nakuomba kwa ajili yangu pia, sitaficha. Nataka uione mwenyewe. Sitaki Kaka akusimulie, unajua anavyosimulia, ataanza na fremu na misumari yake.

Mwanao,
Kidole


22 Aprili

Mdogo wangu,

Amekwenda.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu. Alinitaka niisome. Nikaisoma. Akasema rudia pale pa daktari. Nikarudia. Akasema rudia pale pa mgongo. Nikarudia, na wifi yako akatoka nje kwa sababu alikuwa hawezi tena. Mama akaenda kulala. Kesho yake hospitali hakuitaja, mimi nikasema basi, tumeshindwa. Tarehe kumi na saba asubuhi nikamkuta anafungua masanduku, nikadhani anagawa tena. Akaniuliza, "Hospitali mtu anavaa nguo gani?"

Wamepasua la kulia kwanza. Ana bandeji na anatuendesha kama jeshi. Kiti nimekirudisha. Fundi saa hakuleta ubishi, alisema kwanza kinamsukuma mgongo. Shangazi ndiye tatizo. Sinia amerudisha, lakini sufuria anasema mtu akishatoa ametoa, na Mama kutoka kitandani anasema amekufa nani mpaka sufuria lake lirithiwe. Mimi nimekaa katikati, natumwa huku, natumwa kule. Nimefurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwa ajili ya sufuria.

Na mimi nilikuwa na makosa, mdogo wangu. Ningekwambia mapema habari za macho usingeandika vile. Tumefichana watu watatu ndani ya familia ya watu watatu.

Umeipeleka picha?

Kaka yako,
Fundi


2 Mei

Kaka,

Nimeipeleka ikiwa mbichi. Nililala nikaamka, nikaona bega si lenyewe, nikalifuta, nikalirudisha asubuhi ya maonyesho, na nikaingia pale na rangi kwenye kiwiko. Niliwaambia wote wasiiguse, na wa kwanza kuigusa nikawa mimi. Kuna alama ya kidole pembeni, karibu na mashati. Nimeiacha.

Siku nzima sikuweza kusimama karibu nayo. Nilizunguka ukumbi, nikatoka nje, nikarudi. Mwalimu akaja mwishoni. Alisimama mbele ya picha. Akaniuliza, "Ni wa nani?" Nikasema, "Wangu." Akaenda kwa mwingine.

Kazi nimepata, ila jioni mbili tu kwa wiki. Mchana bado niko na marehemu. Nilidhani nitaumia zaidi. Lakini siwaambii tena wafiwa habari za dirisha na shavu. Nawauliza alikuwa anapenda kufanya nini. Bosi analalamika kwamba watu wanakaa sana kwenye kiti cha wateja, na wengine wanacheka, na kicheko si kizuri kwa biashara yetu.

Picha nimempa kondakta, imefungwa kwenye blanketi langu. Usianze kumsimulia. Mwache atazame.

Mdogo wako,
Kidole


17 Mei

Mwanangu,

Umeona mistari imenyooka. La kulia linaona mpaka mchwa. Limeona na vumbi la sponji, na kaka yako ameshaanza kujuta.

Picha imefika salama, blanketi lako nimelifua. Kaka yako aliitundika kando ya dirisha la kushoto, nikamwambia atoke nje na mkewe, nikakaa kwenye kiti changu nikaitazama peke yangu.

Nina maneno. Pasi umeilaza kifudifudi juu ya shati huku mkono wangu uko kwenye kola. Hakuna mtu anayeacha pasi hivyo, lingeungua, na lile ni la mteja. Ilipaswa isimame kwa kisigino. Na kisigino changu mimi si kikubwa namna ile. Nimemwita mkwe wangu atazame vyote viwili, cha kwenye picha na cha kwangu, akasema havijambo, lakini yeye anaogopa kusema. Fundo la aproni ni sawa. Mvuke ni sawa kabisa. Alama ya kidole chako nimeigusa.

Sufuria limerudi. Shangazi yako alilileta mwenyewe ili aione hiyo picha, na akakaa mpaka chai ikaisha.

Nikuambie kitu. Mgongo wangu nilikuwa sijawahi kuuona. Nani anauona wake? Nilikuwa nadhani ninyi mnakua mkiniona mimi, nilivyo, uso huu. Kumbe miaka yote ile mlipokuwa mnaingia mlangoni hiki ndicho mlichokuwa mnakikuta. Nimekaa hapo nikawa mimi ndiye mtoto anayetoka shule, nimesimama nyuma ya huyu mama na nina neno la kumwambia, na mashati yale ni mengi.

Nimelia kidogo, daktari amekataza, usimwambie kaka yako.

Mlidhani sigeuki kwa kuwa nina haraka. Nilikuwa nayo, ni kweli, mashati ya watu yana siku zake. Lakini pasi husimamishwa, mwanangu. Ungeniita tu, ningegeuka.

Mama yako